Picha Zilizolala Nyuma ya Hema

Kwa miaka mingi Mama Uwingabire alijaribu kuukumbuka uso wa Janvier, mwanawe aliyechukuliwa na kipindupindu katika kambi ya wakimbizi ya Kibumba, na uso haukuja. Ilikuja sauti. Ilikuja sweta aliyomfumia, yenye kifungo kimoja kikubwa cha koti la kiume, lakini juu ya kola palikuwa na ukungu tu. Mama gani anasahau uso wa mtoto wake? Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Basi parokia ilipompa flashi yenye picha za padri aliyewahi kupita kambini na kamera, aliizungusha kwa vijana wote wa mtaa wake wa Katoyi wenye kompyuta. Wote walifungua, wakaona hema, wakafunga. "Mama, iko picha moja tu." Haraka zao hizo!

Charline, binti wa jirani, hakufunga. Kazi yake ni kuandika programu za kuchambua picha za darubini katika maabara.

"Faili hii ni nzito mno kwa picha moja, Mama. Zingine zimepangwa nyuma ya hii, ukurasa kwa ukurasa. Wao waliona ya mbele tu."

Akaandika mistari michache, akabonyeza, na picha zikaanza kutoka moja moja, taratibu, kama watu wanaoamka. Moshi wa kuni. Foleni ya maji. Waliolala wakiwa wamefunikwa mikeka. Mama Uwingabire alisikia baridi ya Kibumba ikimpanda miguuni, akavuta kitenge mabegani, na nje jua lilikuwa linawaka.

Ghafla akamshika Charline mkono. "Simama! Yesu wangu, ni yeye!"

Kifungo kile, na juu yake mashavu, na jicho moja dogo kuliko jingine. Aliujua uso ule papo hapo, kana kwamba aliuacha asubuhi. Akacheka, akalia, akapapasa skrini.

Kisha akakunja uso kwa wivu. "Lakini huyu mwanamuke anayemubeba ni nani? Mimi sikumupatia mutu mutoto wangu, hata siku moja!"

Charline aliikuza picha mpaka kwenye kovu la kidevuni mwa yule mwanamke. Akageuka, akamtazama jirani yake.

"Mama, ni wewe."

Kambini hapakuwa na kioo. Mama Uwingabire alipeleka vidole kidevuni, akalikuta kovu mahali pale pale. Akamwangalia tena yule msichana aliyekonda pichani.

"Maskini," akamwambia. "Na wewe ulikuwa mutoto tu."