Nani Atashuka na Mama Natalie

Nyama ya mbuzi nilikuwa naipenda mpaka Jumapili ile tulipoketi hotelini Gilgil. Siku hizi nikisikia tu harufu yake, natoka nje. Na nyama yenyewe haikuwa na kosa. Kosa ni la wale niliokula nao, na wa kwanza wao ni bwana yangu.

Tulikuwa tumetoka kuzunguka mdomo wa volkano ya Longonot, watu watano, kila mmoja na begi la mawe mgongoni, tukijiandaa kwa safari ya Dolpo. Dolpo iko Nepal, nyuma kabisa ya milima ya Himalaya. Ndege ndogo inakuacha mahali panaitwa Juphal, halafu ni miguu yako na nyumbu wa mizigo kwa wiki kadhaa, na njia zenyewe zinapita juu kuliko kilele cha Mlima Kenya. Barabara hakuna. Hospitali hakuna. Helikopta inakuja mawingu yakikubali, yasipokubali utangoja.

Safari ilikuwa yangu, hilo nataka lieleweke. Picha ya ziwa lao la Phoksundo niliibandika dukani kwangu Kiamunyi, kati ya dawa za minyoo na chakula cha kuku, kabla Peterson, huyo bwana yangu, hajajua Nepal iko upande gani. Ni mimi niliyekaa na ramani, mimi niliyemtafuta Tsering, kiongozi wa safari wa huko, tukaandikiana mpaka tukawa kama ndugu. Nilipoleta wazo kwa kikundi chetu cha kupanda milima, wakamfanya Peterson mwenyekiti kwa sababu ana sauti kubwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta siku za kupumzika njiani, zile za kuuzoesha mwili hewa ya juu.

"Sisi ni watu wa Nakuru, bwana! Tumezaliwa juu," akasema. "Hiyo mambo ya kupumzika ni ya watu wa baharini."

Wakampigia makofi, watu wazima na akili zao! Mimi nikamwandikia Tsering azirudishe siku zote, na sikuomba ruhusa.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, Mlima Kenya, kichwa kilinishika tukiwa kambi ya mwisho. Nilitapika, nikaanza kuyumba kama mlevi, nikamwita Peterson kwa jina la marehemu mama yangu. Alfajiri wenzangu wakaenda kileleni, Peterson akiwa mbele. Aliyenishusha ni mpagazi anayeitwa Kipkemoi, mtu ambaye hatukuwa tumejuana hata siku mbili. Baadaye Peterson aliniambia alidhani ni uchovu tu. Nikamwamini. Nilijiambia kwamba kwa ile baridi na lile giza, mtu yeyote angeweza kukosea.

Basi tukaagiza nyama pale Gilgil. Ikaletwa juu ya ubao, na ugali, na kachumbari. Ngai, sijui kama walikuwa wanakula hivyo siku zote na mimi nilikuwa kipofu. Peterson alikuwa anafyonza mfupa mpaka unalia, kisha anaurudisha pale pale kwa nyama ya wote. Maxwel, kijana wetu wa jimu, alilamba vidole vyote vitano akavizamisha kwenye chumvi. Fancy, mwekahazina, alikuwa anachokoa meno kwa ukucha na kuangalia alichopata. Owino peke yake ndiye aliyekula kama mtu, lakini Owino hasemi kitu hata nyumba ikiungua.

Tsering alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwa mwenyekiti. Peterson akaweka simu mezani, kioo chote mafuta, tukasikiliza. Tsering alisema hivi, kwa Kiingereza chake cha polepole: mtu akishikwa na ugonjwa wa kimo kule juu, lazima ashuke saa ile ile, na hawezi kushuka na mgeni peke yake, kwa maana mgonjwa wa namna hiyo hubishana, hukataa kutembea, hata jina lake husahau. Anahitaji mtu anayemjua. Kwa hiyo kila mmoja wetu awe na mwenzake ambaye ataacha safari na kushuka naye. Asiye na mtu, yeye Tsering hatampitisha kijiji cha mwisho. Alitaka majina siku ile, kabla ya kwenda kuomba vibali.

"Hiyo ni rahisi," Peterson akasema. "Owino?"

"Niko naye," Fancy akajibu.

"Fancy?"

Owino akainua kidole.

"Maxwel?" Hapo Peterson hakungoja mtu. Akajigonga kifua. "Huyo ni wangu!"

Wakacheka, wakagonganisha mikono. Na mimi nikaelewa vizuri kabisa alichokuwa amefanya, kwa sababu Maxwel haugui. Maxwel hupanda Longonot akiimba. Ukiahidi kumshusha Maxwel, umeahidi hewa.

"Peterson?" Fancy akauliza, akimtaja mwenyekiti.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kulitamka jina. Sikufikiria. Miaka kumi na sita ya ndoa, utafikiria nini?

"Haya," Fancy akaendelea, sasa akinitaja mimi. "Mama Natalie?"

Nzi alikuwa ameanguka kwenye bakuli la supu, anapiga mabawa, na wote wakamwangalia huyo nzi. Maxwel hakuwa ameahidi kumshusha mtu yeyote, alikuwa huru kama ndege. Akavuta ubavu mwingine, akaanza kuung'ata. Fancy akasema yeye tayari ana Owino. Owino akajikuna shingo, akasema kwa adabu, "Huyo ni bibi ya mtu. Siwezi kumruka mwenyewe akiwa hapa."

Tukamwangalia mwenyewe.

"Mimi si tayari niko na Maxwel?" Peterson akasema. "Mtu mmoja hawezi kushusha wawili. Tuwe serious."

"Badilisheni," Owino akasema. Nilishangaa kumsikia.

"Aa, Owino, usilete siasa. Mama Natalie yuko fiti siku hizi. Ama aje, mama?" Akachagua kipande cha mafuta, cheupe, kinatetemeka, akakiweka kwa sahani yangu na vidole vyake vile. "Kula. Hiyo mambo tutaongea nyumbani."

Nikakitazama kile kipande. Mate yakajaa mdomoni, si mate ya njaa.

"Tuendelee," akasema haraka. "Ajenda ya mwisho, welfare. Mungu apishe mbali, lakini mtu akitutoka huko, mwili utarudije nyumbani?"

Aki sijawahi kuona watu wakichangamka namna ile! Hata mifupa waliweka chini. Fancy akasema lazima kuwe na kamati ya mazishi kabla ya kuondoka. Maxwel ana rafiki wa kupiga picha, atapiga bure. Kuna hema za kanisa. Kuna mtu wa sufuria kubwa. Wakabishana kama T-shati za waombolezaji ziwe nyeupe ama zambarau. Kila mtu alikuwa na mkono juu, mkono wenye mafuta, anataka kupewa kazi.

"Na kusindikiza mwili?" Fancy akauliza. "Hapo lazima mtu wetu aache safari arudi nao."

"Mimi," Peterson akasema. Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya kanisani. "Kama mwenyekiti, nitaacha kila kitu. Siwezi kuacha mtu wetu arudi nyumbani peke yake."

Fancy akamshika bega. Kidogo walie, walahi.

"Peterson," nikasema. "Ukisikia nimekufa, utaacha safari?"

"Mama Natalie, swali gani hilo? Kwani naweza kukuacha huko?"

"Hata ukiwa umebakisha siku moja kufika juu?"

"Hata saa moja!"

"Na nikiwa mgonjwa?"

Akapangusa mdomo. Akaangalia wenzake, akarudi kwangu. "Mgonjwa si kuna Tsering?"

Nilingoja asikie alichosema. Hakusikia. Alikuwa anatafuta kijiti cha meno. Na ile habari ya Mlima Kenya, ya baridi na giza na uchovu, ikaisha kichwani mwangu pale pale. Gilgil kulikuwa na jua. Alikuwa ameshiba, akili yake timamu, mimi nimekaa mbele yake nikiwa mzima, na jibu lilikuwa lile lile.

"Kwa hivyo maiti yangu utaibeba," nikamwambia, "lakini mimi hapana. Mko na hema, mko na sufuria, mko na mpiga picha, na hakuna mmoja wenu wa kunishika mkono nikiwa bado napumua. Mnanitia kichefuchefu. Wote. Na wewe, Baba Natalie, wewe umezidi."

"Punguza sauti, watu wanaangalia."

"Waangalie!"

Nikatoa simu yangu, nikabonyeza, nikamrekodia Tsering sauti yangu wote wakisikia. Nilimwambia anitoe kwenye kikundi hiki. Alikuwa amewahi kuniandikia kwamba Septemba atapeleka Dolpo walimu wanne, wanawake wa mji wa Pokhara, huko huko Nepal. Nikamwomba anipeleke nao kama watanikubali. Nikasema awaeleze ukweli, kwamba mimi huugua nikiwa juu, ili atakayekubali kushuka nami akubali akijua. Nami nitashuka na yeyote kati yao. Nikasema pia kwamba Peterson hana mtu tena, amuulize yeye mwenyewe nani atamshusha. Nikatuma.

Peterson alianza kucheka, akitegemea watacheka naye. Hakuna aliyecheka. Nikaona hesabu ikimwingia polepole usoni.

"Sasa mimi nani atanishusha?" akauliza.

Fancy akakazana na ukucha wake. Owino akaangalia barabarani.

"Maxwel," Peterson akasema. "Kijana wangu. Mimi nimekubali kukushusha."

Maxwel akamwangalia kuanzia kichwani, akashuka polepole mpaka tumboni, akiwa bado anatafuna. "Mzee," akasema, "wewe uko na kilo ngapi kwanza?"

Hapo ndipo walipocheka. Fancy alicheka mpaka akashika meza. Peterson akageuka kwangu, midomo iking'aa mafuta, macho ya mtu aliyeamshwa vibaya. Sikuwa nimewahi kumwona na hofu, hata mara moja. Na Mungu ananijua, kuna kitu ndani yangu kilitaka kumhurumia, na hicho nacho kikanichukiza.

"Waithera," akasema. Miaka mingi alikuwa hajaniita kwa jina langu hilo. "Waithera, na mimi je?"

Wote wakaniangalia. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, karibu na sahani. Niliuacha hapo hapo, sikuuinua.