Handaki la Uyahudi Makaburini Ngombezi

Ijumaa alasiri Yordani alikuwa anang'oa magugu kwenye kaburi la mkewe Stefania, nyuma ya kambi ya manamba wa shamba la mkonge, Ngombezi, udongo wa pembeni ukatitia, akachomoza mwanamume mwenye ndevu na taa ya mafuta mkononi.

"Usinikanyagie masale," Yordani alimwambia. Ndiyo alama ya kaburi, aliyapanda mwenyewe.

Mgeni akayaruka. Jina lake Eleazari. Yeye na wenzake walimwasi mfalme wa Rumi kule Uyahudi, wakajificha mahandakini, wakachimba na kuchimba mpaka wakatokea hapa. Kiswahili chao kilikuwa cha kanisani.

"Warumi wapo huku?"

"Huku wapo Waingereza."

"Nao wakoje?"

"Mke wangu alishikwa na uchungu, lori la shamba linapakia katani. Wakasema lori si la watu. Akafa na mtoto tumboni. Sasa Jumatatu wanamlima, wapande mkonge."

"Mji wetu nao Warumi waliupitishia plau," alisema Eleazari. "Tutakusaidia. Ila kesho Sabato."

Siku ya pili yake nyapara Bonaventura alipita na baiskeli, akawakuta Eleazari na wenzake wamekaa tu.

"We Yordani, hawa manamba wapya mbona wamekaa kama maharusi?"

"Wana Sabato yao."

"Waambie kadi ya kipande haijui Sabato, asiyekata hasainiwi, halipwi!" Akaenda zake.

Jumapili kutwa walichimba chini ya makaburi, wakaacha juu tabaka jembamba kama ganda la yai. Jumatatu trekta la Ernesti, dereva wa shamba, likazama mpaka usukani. Ernesti akapanda juu mzima, akawasha sigara.

"Mzee Yordani, hata breki halikuwa nazo."

Kambi nzima ilipiga vigelegele. Yordani alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Bwana meneja akaja, akalitazama shimo, akawatazama Wayahudi na panga zao fupi. Hakugomba. Wakubwa hawagombi, wanaagiza. Jumanne mahandaki yakajazwa makapi ya mkonge kutoka kiwandani, likaletwa trekta jingine kutoka Korogwe. Wayahudi wakarudi chini zaidi. Warumi waliwafanyia hivyo hivyo, wamezoea. Makaburi yakalimwa yote. Masale yakatupwa kwenye moto.

Sasa mkonge umeshika. Kila jioni Yordani akimaliza kukata hupiga magoti kati ya mistari, akagonga ardhi kwa mpini wa kisu.

"Mkeo tulimhamisha, tuko naye," husema Eleazari kutoka chini. "Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula," hujibu Yordani, na jikoni kwake hata moto haujawashwa.

"Na wale Waingereza, wameondoka?"

"Bado."

Huko chini majembe huanza tena. Yordani hujitwika mzigo wake wa majani, akaupeleka kwa Bonaventura, naye huutazama akasema umepungua, kipande leo hakisainiwi.