Kivuli Kwenye Televisheni

Tangu asubuhi mabomu yalikuwa yakiipiga Beirut. Wadad, fundi wa redio, alikuwa amewasha televisheni kwa betri ya gari ili amfundishe jirani yake Fauzi, aliyekuwa akitafuta leseni ya redio ya ridhaa, ya kuwasiliana na watu kutoka nyumbani.

"Mtangazaji ana kivuli upande wetu wa kulia," alisema Wadad. "Kimetoka wapi?"

"Antena yako mbovu, mwalimu."

"Kibovu kichwa chako. Wimbi moja linatujia moja kwa moja kutoka mnarani. Jingine linagonga lile ghorofa liitwalo Tannuri kule ng'ambo, ndipo lidunde kuja hapa. Limezunguka, limechelewa. Na televisheni huchora kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kilichochelewa huangukia kulia."

"Basi mwambie dada yangu Hind ahame Tannuri, anatuharibia picha," Fauzi alisema, akacheka.

Mshindo ukatikisa sakafu, vioo vya dirisha vikamwagika. Picha ilipotulia, mtangazaji alikuwa peke yake, safi, hana kivuli. Wadad aligeukia dirisha la upande wa Tannuri. Fauzi alimtazama usoni, akaelewa, akatoka mbio.

Walifukua kifusi cha Tannuri kwa mikono. Walimtoa mwanamume asiye na kichwa, kisha mtoto aliyekwisha kufa, ndipo wakamsikia Hind akitukana chini ya matofali. Fauzi alipomvuta, Hind alimng'ata mkono kwa maumivu mpaka damu ikatoka, lakini Fauzi hakumwachia. Mguu mmoja wa Hind ulibaki chini ya nguzo. Lakini aliishi.