Mviking wa Mjomba Selby

Mjomba Selby alikaa majira yote ya baridi akitutangazia kwamba uso wake utachorwa kwenye sarafu ya fedha. Sarafu hiyo ilitengenezwa kuwaadhimisha Waviking waliovuka bahari miaka elfu iliyopita wakajenga hapa kwetu, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland. Msanii mmoja, Rosalind, alikuwa amekuja kiangazi kutafuta sura ya Mviking. Alipoziona ndevu za mjomba, nyekundu, zimefika kifuani, akamwomba akae amchore.

Tangu hapo hatukupumua. Ukimkuta mjomba dukani, anakugeuzia shavu. "Huu upande ndio wenyewe," anasema. "Tazama bure leo. Kesho utautazama kwenye makumbusho."

Mkewe, Bi Tryphena, alikuwa akimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye samaki wa chewa anayempasua: "Mviking gani anaogopa bata bukini wa jirani?"

Siku ya uzinduzi tulijaa ukumbini. Supu ya nyama ya kulungu mkubwa wa kaskazini ikatokota, chai ya maziwa ya kopo ikamiminwa, na mjomba akaketi mbele, ndevu zimepakwa mafuta. Rosalind akafunua sarafu, akaipitisha pamoja na kioo cha kukuza. Upande mmoja palikuwa na Mviking amesimama mlangoni pa nyumba ya udongo, shoka mkononi.

Wa kwanza kuitazama alikuwa jirani yetu Garland, mwenye wale bata bukini. Akatazama, akamtazama mjomba, akatazama tena.

"Selby, ndevu ni zako," alisema. "Lakini hiyo pua mbona ya Tryphena?"

Sarafu ikaenda mkono kwa mkono. Pua iliyopinda kushoto, jicho moja limefinywa, kidevu kimechomoza kama kinakudai jibu. Ni Bi Tryphena mwenyewe, amefugishwa ndevu!

"Nisamehe, Bwana Selby," alisema Rosalind, amekuwa mwekundu kwa aibu. "Hukutulia hata kidogo. Ulikuwa unaongea tu. Nikageuka, nikamwona mkeo mlangoni na shoka la kuni, ananitazama kama nimekuja kumpora nyumba. Nikasema, huyu hapa!"

Bi Tryphena alicheka mpaka akashika meza. Mjomba akasimama.

"Kwa hiyo mimi ni nywele tu?"

"Nywele nzuri, mume wangu," alisema Bi Tryphena. "Zimenipendeza."

Mjomba akatoka kwa hasira. Nikamfuata, mimi mpwa wake, nikamkuta bafuni kwake amezinyoa ndevu zote.

"Haya," aliniambia, "na wamtafute mwenye ndevu sasa."

Tabu ni kwamba kidevu chenyewe kilikuwa kidogo na cheupe kama kitako cha mtoto mchanga. Mbwa wake alipomwona alimbwekea, akamzuia asitoke bafuni. Ikabidi Bi Tryphena aje kumtambulisha.

"Tulia, ni baba yako," alimwambia mbwa. Kisha akamtazama mumewe vizuri, akashika shavu lake. "Kumbe ulikuwa umeficha huyu kijana! Selby, mbona hukuniambia?"

Mjomba alitaka kuendelea kukasirika, lakini midomo ilimsaliti, na sasa haikuwa na pa kujificha. Akatabasamu.

Kiangazi kilichofuata watalii walimiminika kwenye vituta vya nyasi vilivyobaki pale Waviking walipojenga, wote wakimtaka Mviking wa kwenye sarafu. Bi Tryphena akajifumia ndevu za sufu, akasimama na shoka lake. Mjomba ndiye aliyewapiga picha, naye akamweleza kila mtalii, awe ameuliza au hajauliza: "Huyo mnayemwogopa ni mke wangu. Hata bila ndevu yuko hivyohivyo."

"Selby!" anapaza sauti Mviking. "Piga picha, watu wanapigwa baridi!"