Husni Alipotaka Kulipa Mapema

Husni alikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ndogo ya Gitega, na elimu yake ndiyo iliyomtia hofu. Mtu mwingine angeona uvimbe kama wake chini ya taya, akaupaka mafuta akasahau. Yeye aliupima kwa vidole kila asubuhi, majuma sita. Ulipofikia ukubwa wa yai la njiwa, Dokta Dominiko aliuchoma sindano akavuta majimaji. Husni aliomba aangalie mwenyewe. Aliinamia hadubini, akaona chembe asizozijua, kubwa kubwa, zimebanana. Neno moja likamjia: saratani.

"Usijisomee ugonjwa," dokta alimwambia. "Tukate kipande, tukipeleke Bujumbura. Na usikawie."

Upasuaji na vipimo vilitaka faranga milioni moja na laki mbili. Husni alikuwa na milioni moja na nusu, akiba ya miaka mitatu. Lakini kiasi hichohicho ndicho kilichobaki kwenye mkopo wa masomo yake. Mzee Mahmudu, muuza vitenge wa Muyinga, ndiye aliyemlipia karo, bila riba, na Kulthumu, mama yake Husni, aliweka nyumba yake rehani. Muda wa kulipa ulikuwa bado miaka miwili. Hakuna aliyemdai.

Hofu ilimdai. Alikuwa na miaka kumi na miwili baba yake alipozikwa. Kabla ya swala, imamu aliuliza kama yuko anayemdai marehemu, na muuza mabati mmoja akanyoosha mkono mbele ya umati. Husni hakusahau jinsi ami zake walivyoinamisha vichwa. Sasa kila akifumba macho alijiona yeye ndiye kwenye jeneza, na mama yake anatolewa vyombo nje.

Jumatatu alipanda gari linalopita Karuzi, pesa zote kifuani ndani ya shati. Alipofika Muyinga, alikwenda moja kwa moja dukani kwa Mahmudu.

"Mzee, mi nataka kulipa yote leo."

Mahmudu alivua miwani. "Yote? Mtu analipa mbele ya wakati kama anahama, ao kama anakufa. We iko wapi hapo?"

"Nataka tu roho ipumzike."

"Bon, sawa." Mahmudu alihesabu, akaichana karatasi ya deni vipande viwili, akampa. Alizihitaji pesa hizo. Mzigo wake ulikuwa mpakani unasubiri ushuru.

Husni aliutarajia wepesi. Haukuja. Alitembea kuelekea kwa mama yake kama mtu aliyechimbiwa kaburi lake akawalipa wachimbaji mwenyewe.

Kulthumu alikuwa kwenye cherehani, anashona sare. Alimtazama mwanawe mara moja tu, mguu ukaacha kukanyaga.

"Juu ya nini umefunga shingo na jua hili?"

Husni akafungua skafu. Akamweleza yote, maneno yakigongana.

"Na pesa ya kukupasua iko wapi?"

"Nimelipa deni, Mama. Nyumba yako iko salama."

"Nyumba!" Kulthumu alisimama. "Mi nitafanya nini na nyumba kama we haiko?" Sauti ilikatika. Midomo yake ilitetemeka, na Husni, ambaye hata siku ya mazishi hakumwona akitetemeka, akaogopa zaidi. Mama alimshika mkono, akamvuta njia nzima mpaka dukani.

Mahmudu aliwasikiliza mpaka mwisho. "Nilikuuliza," akamwambia Husni. "Ukanificha."

Laki sita zilikuwa zimeshaondoka kwenda mpakani. Laki tisa zilizobaki aliziweka mezani. Kulthumu akataka karatasi mpya ya deni iandikwe, akatia sahihi kuiweka rehani tena nyumba ileile, mkono wake ukiwa imara sasa. Laki tatu zilizopungua aliziomba kwa mafundi wenzake wa kushona, nyumba kwa nyumba, hata kabla ya alasiri.

Alhamisi Husni alipasuliwa. Kabla ya usingizi wa dawa alitamka shahada mara mbili, akihofia kwamba ya kwanza hakuitamka vizuri. Kisha zikaja siku kumi na tisa za kungoja. Kazini alikosea kuhesabu. Mwenzake alirudia kila hesabu yake ya chembe.

Jibu lilikuja kwenye bahasha. Si saratani; ni kifua kikuu cha tezi. Dawa za miezi sita, bila malipo. Alisoma mara tatu, neno kwa neno, akaketi sakafuni kati ya chupa na kulia kama mtoto. Alipopata sauti akampigia mama yake.

Upande wa pili wa simu, cherehani ilisimama.

"Hizo dawa," akasema Kulthumu, "unakunywa mbele ya chakula ao nyuma?"

"Mbele, Mama."

"Egome, ndiyo. Basi kunywa, kisha ule."