Kanisa Lililobebwa Kichwani

Tangu asubuhi Joanitha alikuwa hakai hasimami. Aliweka kiti cha mgeni, akakiondoa. Alikwenda barabarani kuangalia gari, akarudi. Kahawa ya kutafuna aliyomwandalia mgeni aliitafuna mwenyewe mpaka kibakuli kikabaki nusu.

"Mama mwenyekiti, unatuchosha macho," mchungaji Mutalemwa alimwambia.

"Basi yafumbe," akajibu, akatoka tena.

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na tanuri la matofali nyuma ya kanisa lilikuwa jasho lake na la kina mama wenzake wa Kanoni, waliokanyaga udongo kiangazi baada ya kiangazi. Sasa majani yalikuwa yanaota juu ya matofali. Kisa, kuna mtu alilipiga picha kanisa la zamani, lile la mbao, lenye madirisha yaliyochongoka juu kwa mtindo uitwao Kigothi, na wilayani wakasema lisiguswe mpaka afisa wa mambo ya kale alione. Akisema lina thamani, litabaki. Na kwa kuwa kiwanja ni kimoja, kanisa jipya litaishia kwenye tanuri.

Joanitha alilichukia lile kanisa wala hakuficha. Lilivuja. Mchwa walikuwa wamelila miguu. Mvua ikinyesha watu walisali wamefungua miavuli ndani ya nyumba ya Bwana, na Wakatoliki wa ng'ambo ya bonde hawakuacha kuwatania.

Mchana afisa akafika, kijana mwembamba aitwaye Cassian. Aliwaamkia shikamoo wakubwa wote, akaingia ndani na kuanza kupapasa kuta kama mtu anayenunua ng'ombe. Kila ubao ulikuwa na namba iliyochongwa.

"Hili halikujengwa hapa," alisema.

"Lilitoka Bweranyange," mchungaji akamjibu, "wakati watu walipohamishiwa vijijini. Ndivyo nilivyoambiwa. Mimi mwenyewe nimeletwa hapa juzijuzi."

"Kuhamishwa si tatizo. Fundi alitia namba ili mbao zirudi vilevile, na zikirudi vilevile, kanisa ni lilelile. Lakini tazameni." Akagusa ukuta. "Kumi na nne iko karibu na sitini na mbili. Kule arobaini imekaa na tatu. Walizichanganya. Niseme nini huko ofisini, kwamba ni mbao nzuri zilizopigiliwa ovyo?" Akawageukia. "Au kuna anayejua sababu?"

Joanitha aliijua. Mama yake, Kokubanza, ambaye sasa hatoki kitandani, alimsimulia tangu utotoni mpaka akachoka kusikia. Waumini walizibeba mbao kichwani, juu ya ngata za majani ya mgomba, njia nzima. Walipofika, fundi akataka kuzipanga kwa namba. Hakuna aliyekubali kuutoa ubao wake. Ubao nilioubeba mimi, kila mmoja alisema, utasimama pale nitakapokaa mimi. Fundi alibishana nao mpaka akaishiwa pumzi, akapigilia walivyotaka: wanawake kushoto, wanaume kulia, kila ubao ubavuni mwa mwenyewe.

Neno moja tu, na tanuri litaota msitu.

"Wazee waliojua wamekwisha," Joanitha alisema.

Cassian akatikisa kichwa kwa masikitiko, akafunga mkoba wake. Hatazuia, alisema, wajenge. Kina mama wakapiga vigelegele, na Renatha, aliyekanyaga naye udongo miaka yote hiyo, akamkumbatia. Joanitha akacheka nao. Lakini furaha aliyoingoja haikuja. Mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi, mara inakunja kitenge, mara inakikunjua.

"Nina ombi dogo," Cassian akasema. "Kabla hamjabomoa, nipeni ubao mmoja nikauhifadhi. Wowote tu."

Jovin, fundi wa kanisa jipya, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akachukua mtaimbo, akauchomeka nyuma ya ubao uliokuwa karibu naye, upande wa kushoto, chini ya dirisha.

"Usiuguse huo," Joanitha alisema.

"Una nini?"

"Mama yangu hukaa hapo."

Jovin akasogea pembeni.

"Huo ni wa Anatolia."

"Anatolia yupi?"

"Alikufa wewe hujazaliwa. Ni wake."

Jovin akavuka upande wa wanaume, akiona afadhali.

"Huo wa mzee Bainomugisha, aliubeba na mguu mbovu. Huo unaofuata ni wa Kyomukama. Toa chuma chako hapo, Jovin."

"Na huu mrefu wa juu ya mlango?"

"Waliubeba wawili, mtu na mkewe. Walikataa kutenganishwa, ndiyo maana uko katikati."

Alikuwa anatembea sasa, kiganja kikipita ukutani, akitaja jina baada ya jina. Hasira zilikuwa zimempanda na hakujua amkasirikie nani. Alipofika madhabahuni ndipo alipotambua kwamba anayezungumza ni yeye peke yake. Kina mama walikuwa wanamtazama. Renatha alikuwa ameshika mdomo. Cassian alikuwa ameufungua mkoba wake tena.

"Kumbe mbao zimekaa kama walivyokaa wenyewe," kijana alisema taratibu. "Mama, naomba uanze tena pale mlangoni."

Kupitia dirisha lile lililochongoka Joanitha aliliona tanuri na majani yake. Angeweza kusema amechoka, au kwamba ni hadithi za mama mgonjwa. Machozi yakamtoka mbele ya kamati yake yote, na hakuyaficha.

"Nisamehe, Renatha," alisema.

Renatha alitazama ukuta wa kushoto, ubao hadi ubao.

"Wa bibi yangu ni upi?" akauliza.

Joanitha akajifuta uso kwa kitenge, akamshika mkono, akaenda naye mlangoni, akaanza na wale wawili.