Mkasi wa Mama na Blanketi la Mwenyekiti

Ukitaka kumtukana mama yangu kwa heshima, mletee blanketi. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hata mazungumzo ya chumvi lazima ayafungue yeye, alikuwa akimletea moja kila sikukuu. Dada alileta soksi za sufu. Wajukuu walichangishana wakanunua mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto. Mama alishukuru, na wote wakaenda zao wakijiona watu wema.

Ubaya wa zawadi hizo ulitokana na sheria ya marehemu baba. Zamani Mama alimnunulia shati, akalitunza kabatini lisichafuke, likaliwa na nondo kabla halijaona jua. Tangu hapo baba akaamuru: zawadi itumike palepale, mbele ya wote, kabla sufuria haijafunuliwa. Ni sheria nzuri ukipewa viatu. Lakini tangu baridi yabisi imwingie Mama kwenye viungo vya vidole, kila sikukuu tulikuwa tunamvisha ugonjwa hadharani. Soksi miguuni, blanketi mabegani, mfuko wa maji tumboni, anatokwa jasho kwenye kochi huku sisi tunapiga makofi. Nilichukia.

Kwa sababu mama yangu ni fundi cherehani, jamani. Nusu ya mtaa imeolewa ndani ya nguo zake. Kushona kwenyewe angeweza bado, maana miguu yake ya kukanyagia cherehani ilikuwa mizima na kitambaa hakitaki nguvu. Kilichomshinda ni mkasi. Mkasi wa fundi ni chuma kizito, na pete zake nyembamba zilimuumiza vidole vilivyovimba. Na asiyekata atashona nini? Cherehani ikafunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa tukapanga dawa.

Mimi ndiye binti yake wa mwisho, na kazi yangu ni kutengeneza baiskeli. Mwaka huu niliapa kwamba zawadi yangu haitakuwa ya mgonjwa. Nikaanza kumchunguza mikono. Chupa aliibana kwapani, akazungusha kifuniko kwa kiganja. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Siku moja akanisaidia kutoa baiskeli mlangoni, ikataka kumtoroka kwenye mteremko, akabana breki kwa mkono mzima bila hata kuguna. Kiganja chake kilikuwa na nguvu! Kufunga aliweza. Kufungua ndiko kulikomtesa, na breki ya baiskeli hujifungua yenyewe kwa springi.

Basi nikauiba mkasi wake. Nasema kuiba kwa kuwa sikuomba; nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza, na nilijiambia kwamba droo ile haijafunguliwa tangu cherehani ifunikwe. Nikaubana kwenye jiliwa la karakana yangu, nikakata pete moja kwa msumeno wa chuma.

Kumbe Mama alikuwa akiifungua ile droo kila wiki, kwa siri, kuupaka mkasi mafuta usishike kutu. Hakuna aliyejua. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa mbele ya droo tupu, kitambaa cha mafuta mkononi, na Mwenyekiti amesimama pembeni. Alikuwa amepita kumsalimu.

"Mkasi wangu uko wapi?" Mama aliuliza.

Kabla sijajibu, Mwenyekiti akadakia. "Si afadhali umeondoka, Mama? Daktari alisema upumzike. Vitu vya kukukumbusha kazi vinakuumiza bure."

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mmeshakubaliana."

"Mama, hatujakubaliana chochote," nikaanza.

"Basi na cherehani ifuate. Mwambieni yule jirani mwenye duka la nguo aje aichukue sikukuu ikipita. Mimi nitakaa na mablanketi yangu."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililonikata maini. Ningemwambia ukweli palepale, lakini ukweli wenyewe ulikuwa mkasi wenye sikio moja. Aliununua kwa ujira wake wa kwanza, kabla hata hajamjua baba. Nimpelekee vipande, halafu? Maji nilishayavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga. Nikishindwa, Mama hatakuwa fundi tena, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika.

Springi ya kwanza niliitoa kwenye breki ya baiskeli ya mizigo. Mkasi ulifunguka kwa hasira, ukataka kunitoboa jicho. Ya pili ilikuwa legelege, haikuinua hata chuma chenyewe. Nikatukana karakana nzima, pampu na pancha zake. Ndipo jicho langu likaangukia baiskeli ya mtoto iliyoletwa kubadilishwa tairi, nikajua nitafute nini: springi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono usio na nguvu. Nikaenda kununua kama ile dukani. Nikaunga mpini mpana unaojaa kiganja, nikauvisha mpira laini. Kisha nikajifunga vidole vyangu kwa matambara, visikunjike, nikakata gunia. Likakatika. Nikacheka peke yangu.

Sikukuu ikafika. Mwenyekiti alitangulia, kama kawaida yake, na blanketi jekundu, zito, la kumfunika ng'ombe. Mama akajifunika, tukapiga makofi. Kisha nikampa furushi langu.

Alilifungua polepole. Akapitisha kidole kwenye ile parafujo ya katikati iliyochakaa upande mmoja, alama anayoijua yeye.

"Umekata mkasi wangu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa na wewe siku ile ulipoutafuta, nikanyamaza. Nisamehe."

"Una wazimu?" Mwenyekiti alifoka. "Mikono ile unaipa mkasi? Unataka kumuua?"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kaka," nikamjibu. "Ungejua anachobeba kweli, ungeacha kumwongezea mablanketi."

Dada akaingilia. "Sheria ni sheria. Utumike kwanza, sufuria inapoa."

Kitambaa cha kukata hakikuwepo. Vyote tulishagawa tangu alipoacha kushona. Mama akaangaza chumba kizima, kochi, mapazia, halafu akainamisha macho akajitazama mwenyewe. Akalivua blanketi.

"Mwenyekiti, shika pembe hii. Vuta. Usilegeze."

"Mama, hili ni jipya!"

"Nimesema vuta."

Akauweka mpini kiganjani, akabana. Krrp! Akalegeza, na mkasi ukafunguka wenyewe. Mama akashtuka, akautazama, akabana tena. Krrp! Katikati ya safari alisimama, akaupumzisha mkono gotini, uso umejikunja kwa maumivu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akaendelea mpaka ukingo wa pili, mstari umenyooka bila hata chaki, na blanketi likaanguka vipande viwili miguuni pa kaka yangu. Dada alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Mimi nililia kama mtoto, na wala sioni haya.

"Nimelitumia, sijalitumia?" Mama alimuuliza Mwenyekiti.

"Umelitumia, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya, toeni dawa juu ya cherehani yangu. Zisipotee, nitazimeza kwa saa zake. Lakini mahali pake si pale."

Kesho yake mikono ilimuuma, sitadanganya. Ilimbidi apumzike kutwa nzima, na mpaka leo hukata kidogo kidogo, siku akiweza. Jirani alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani, akaondoka na mkokoteni mtupu, ameshapimwa koti.

Lakini koti la kwanza lilikuwa la mke wa Mwenyekiti, limeshonwa kwa lile lile blanketi jekundu. Siku ya kulijaribisha kaka alikuja naye, akazunguka akitazama kola, mifuko, mishono. Mwishowe akamshika Mama mikono yote miwili, taratibu, akauliza mwakani amletee nini.

Mama alitoa pini mdomoni.

"Blanketi," alisema. "Ila safari hii liwe la kijani. Jekundu limemzidi mkeo."